Dari ya Mwalimu na Sheria ya Miaka Kumi

Rasimu ya sheria tulisomewa ndani ya ghala la saruji, nami nimekalia mfuko wa saruji kwa sababu viti vilikuwa vimekwisha. Mpaka leo nikikumbuka hucheka peke yangu. Mimi mchoma chokaa, ambaye sikuwa na adui mkubwa kuliko hiyo saruji ya mifuko, nimeikalia kitako nikisikiliza namna Serikali inavyotaka kunimaliza. Wanaume waliokuwamo walipindukia kumi: wakandarasi, mafundi waashi, wauza boriti, wenye machimbo ya mawe. Mwanamke nilikuwa peke yangu, na hakuna aliyeninyanyukia anipe kiti. Wala sikuomba.

Ilikuwa kipupwe, katika ile miaka ya hamsini, masika yamemalizika na ukungu bado haujakauka kutani. Ghala lilikuwa la mwenyekiti wetu, mkandarasi wa Kihindi ambaye baba yake na babu yake walizaliwa hapa hapa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Alisoma karatasi ya Kiingereza mstari kwa mstari, akawa anatufasiria. Sheria ilikuwa bado haijapitishwa, ilikuwa inapelekwa Barazani, Baraza la Kutunga Sheria, kwa wajumbe. Ilisema kwamba nyumba ikianguka, au ikipasuka, au dari yake, hilo paa letu la bapa la mawe na chokaa, ikivuja, basi kila aliyeijenga na kila aliyeuza chokaa, mawe au boriti zake watabeba dhamana ya nyumba nzima kwa miaka kumi, wote kwa pamoja. Atakayeshindwa kuirudisha kama ilivyokuwa, atafungiwa kazi yake. Na chokaa yoyote isiyokuwa na cheti cha mhandisi haitauzwa.

"Na mwenye nyumba?" niliuliza.

Mwenyekiti aliigeuza karatasi, akaitazama nyuma, akaigeuza tena.

"Mwenye nyumba hakutajwa, Bibi."

Ghala zima lilivuma. Sote tulijua sheria ile imezaliwa wapi. Masika yale yaliyopita, ukuta wa ghorofa moja mjini uliporomoka mchana kweupe. Mungu alisalimisha watu, kwani walisikia boriti zinalia wakakimbilia nje. Mwenye nyumba alikuwa amepandisha tangi la chuma la maji juu ya dari iliyojengwa kubeba kanga za kuanikwa na watu wawili watatu wa kupunga upepo. Mji mzima ulilijua tangi lile. Lakini lilipokuja kuandikwa, tangi halikuandikwa, tukaandikwa sisi.

Lazima niseme tanuri langu la chokaa lilikuwa nini kwangu, ili isidhaniwe nililia kwa tamaa. Lilikuwa upande wa pwani, ukishapita Kiembe Samaki. Mume wangu aliniandikia mbele ya mashahidi kabla maradhi hayajamchukua. Nilipotoka eda tu, shemeji yangu alikuja Ng'ambo nyumbani kwangu, akakaa kibarazani, akaniambia kwa upole kwamba sasa nipumzike, kazi ya moto na mawe aachiwe yeye. Nikamuuliza, "Nipumzike nimechoka nini?" Wala sikumwongezea kahawa. Tangu siku hiyo nilichoma mwenyewe, na wanawake wanne wa mtaani kwangu, wajane kama mimi au walioachwa, wakawa wanafanya kazi pamoja nami. Tanuri likifungwa, sisi watano tulikuwa hatuna pa kwenda ila kurudi kukaa chini ya watu.

Kazi yenyewe ni ya subira. Magogo hupangwa duara, mawe ya matumbawe yakarundikwa juu, moto ukatiwa katikati. Mawe yakishaiva na kupoa humwagiwa maji, nayo hufoka na kupasuka yakawa unga na uji. Hapo mtu asiyejua hudhani chokaa imekuwa tayari. Bado. Hutiwa shimoni, ikafunikwa makuti mabichi, ikaachwa ilale. Kwetu ilikuwa hailali chini ya miezi minne. Chokaa isiyolala ina punje ndani yake ambazo hazijaiva, na ukiitia darini, hizo punje huja kufura zikiwa zimo ndani, mvua ikipiga. Dari hutoa vipele, kisha nyufa, kisha maji.

Na dhamana tulikuwa nayo, hata kabla ya hiyo karatasi. Tulikuwa tukiita kukaa mvua. Dari ikishapigwa na kukauka, mvua kubwa ya kwanza inaposhuka, fundi aliyejenga na mtu aliyeuza chokaa huenda katika nyumba ile, hata kama wamo katika chakula. Hutandikiwa mkeka chini ya dari mpya, wakapewa kahawa, wakakaa wakitazama juu mpaka mvua ikatike. Likidondoka tone, fundi huweka alama ya makaa pale pale, na kazi inarudiwa bila ya maneno. Hakuna aliyeandika kitu. Lakini mtu aliyekosa kwenda kukaa mvua alikuwa amejihukumu mwenyewe, na mji ulikuwa mdogo.

Sasa niseme la aibu yangu, kwa sababu bila hilo hadithi yote hii itakuwa uongo.

Mwaka ule ule, kabla ya masika, mwalimu wangu wa chuoni, chuo cha Kurani, aliniita. Huyu ndiye bibi aliyenifundisha alifu na bee, na kila nilichokuja kuandika maishani mwangu kilitoka katika fimbo yake na huruma yake. Alikuwa na nyumba ya mawe ya chini, upande wa Malindi, na watoto walisoma katika chumba cha mbele. Dari ya chumba kile ilikuwa imekwisha. Alitaka ipigwe nyingine kabla ya mvua, ili watoto wasikatize masomo.

"Chokaa ipo, mwanangu?" aliniuliza.

Shimo langu la chokaa iliyolala lilikuwa tupu. Iliyokuwepo ilikuwa na wiki tatu. Na mimi, mtu mzima, mwenye tanuri langu, niliyemfukuza shemeji yangu kibarazani, nilishindwa kutamka neno "haipo" mbele ya mwalimu wangu.

"Ipo, Mwalimu," nilisema.

Fundi aliyejenga alikuwa mzee, mwashi mkubwa, rafiki wa marehemu mume wangu. Desturi ya fundi ni kuipima chokaa kabla ya kuitumia. Huipaka juu ya jiwe, akaiacha siku mbili tatu, akatazama kama itatoa vipele. Yangu hakuipima. Aliona haya kuipima chokaa ya mjane wa rafiki yake, kana kwamba angekuwa ananiambia siaminiki. Akina mama wakaja, wakapiga dari siku tatu kwa vibao na nyimbo ili chokaa ishikane, na mimi nilikuwemo nikiimba kwa sauti kuliko wote.

Masika yakaja, mvua ya kwanza ikashuka asubuhi, na mimi sikwenda. Nilijifunika shuka nikasema nina homa. Fundi alikwenda peke yake, akakaa, akatazama juu. Sikumuuliza aliona nini. Mwalimu naye hakuleta shitaka, wala kwangu wala kwa mtu mwingine, kwa sababu asingeweza kumwaibisha mwanafunzi wake. Nilisikia kwa majirani kwamba alitega mabeseni, akawa akiwahamishia watoto chumba cha nyuma kila mvua inaponyesha. Adabu zetu sisi watu watatu zilikutana juu ya kichwa cha yule bibi, na zote zikawa zinavuja.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni nikiwa juu ya mfuko wa saruji.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa mipango. Alisema tutaandika ombi, tutatia saini na dole gumba, tutawaendea wajumbe mmoja mmoja majumbani mwao kabla sheria haijafika Barazani, kisha tutaomba kusikilizwa na kamati. "Lakini tuseme neno moja," alituonya. "Hakuna nyumba hata moja iliyoharibika kwa mkono wetu. Ni wenye nyumba, ni mvua, ni uzee wa kuta. Mmoja wetu akisema vyengine, tumekwisha sote."

Wote waliitikia. Mimi nilitia saini yangu kwa herufi alizonifundisha Mwalimu. Mzee fundi alikuwa karibu yangu. Alitia dole gumba, akalifuta katika kanzu yake, hakunitazama.

Tuliwaendea wajumbe. Wako waliotupokea barazani na kutumalizia hapo hapo, wako waliosema watatazama. Nyumba ninayoikumbuka sana ni ya mjumbe mmoja aliyekaa upande wa bahari, mtu mwenye majumba ya kupangisha mjini yasiyopungua vidole vya mikono yako. Tulipandishwa ngazi, tukakalishwa juu ya mazulia, tukaletewa sharubati. Mwenyekiti alizungumza kwa adabu kubwa. Alisema sheria itawatisha mafundi, nyumba hazitatengenezwa, mji utaoza. Mjumbe alisikiliza akichezea tasbihi yake.

"Mimi nnachokiona," alisema mwisho, "ni kwamba mtu mkweli haogopi dhamana."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa. Mimi sikuweza.

"Mheshimiwa," nilisema, "dari za nyumba zako zinafagiliwa majani kila mwaka?"

Alinitazama kama aliyesikia zulia likisema.

"Bibi anauliza nini?"

"Nauliza michirizi. Majani yakiziba mchirizi, maji hulala juu ya dari. Maji yakilala juu, hakuna chokaa duniani itakayostahimili. Nyumba yako ya karibu na soko, mimi hupita chini yake, mna mti umeota mchirizini, sasa umefika kimo changu. Nyumba ile ikivuja kesho, kwa sheria hii yako atafungwa nani? Mti?"

Mwenyekiti alinikanyaga mguu. Mjumbe alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka wageni waondoke, akasema tutasikilizwa na kamati. Ngazini mwenyekiti aliniambia kwa hasira, "Bibi, umetutilia mchanga." Nikamwambia mchanga umo humo humo, mimi nimeuonesha tu. Nilikuwa na furaha siku ile, nakiri. Nilitembea mpaka Ng'ambo nikijiona jabari. Ilikuwa rahisi kumsema mwenye nyumba juu ya mti wake, na dari yangu mwenyewe ikiwa imetegewa mabeseni Malindi.

Siku ya kamati tulikwenda watano: mwenyekiti, muuza boriti, mwenye machimbo, mzee fundi na mimi. Nadhani mwenyekiti alinichukua kwa kuwa mjane humlainisha msikilizaji, kwani aliniambia wazi wazi, "Wewe kaa tu, Bibi, usiseme." Chumba kilikuwa kirefu, chenye meza na pangaboi juu, na wajumbe watatu, mmoja wao yule wa mazulia. Alikuwapo Mzungu mmoja aliyeandika, na karani wa kumfasiria.

Mambo yalikwenda vizuri. Mwenyekiti alisema yake, muuza boriti akasema yake. Hakuna nyumba iliyoharibika kwa mkono wetu. Niliona wale wajumbe wengine wawili wanaanza kuyumba, na mmoja akasema pengine sheria imefanyiwa haraka. Moyo wangu ulianza kushuka mahala pake. Tanuri langu lilikuwa linaokoka mbele ya macho yangu, na nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza.

Hapo mjumbe wa mazulia alifungua jalada lake.

"Hamna nyumba hata moja," alisema. "Basi kuna chuo kimoja cha watoto upande wa Malindi. Dari ilipigwa mwaka huu huu. Mvua ya kwanza ikavuja. Nimekwenda mwenyewe nikatazama, kipande kimeshadondoka juu ya mkeka wanaokalia watoto. Aliyejenga ni nani?"

Sikujua kwamba kipande kilikuwa kimedondoka. Juu ya mkeka.

Mzee fundi alisimama taratibu, kwa kushikilia kiti.

"Ni mimi, Bwana," alisema.

"Kwa hiyo ni kosa lako?"

Yule mzee alikuwa amejenga mjini kwa umri wote niliokuwa nao mimi. Angeweza kusema ilikuwa chokaa. Lilikuwa neno moja tu.

"Dari ni yangu," alisema. "Kosa ni langu."

"Basi ndiyo sababu tunahitaji sheria," mjumbe alisema, akalifunga jalada. Na mwenyekiti wetu, Mungu amsamehe, alikuwa tayari anafungua mdomo kusema kwamba fundi huyu mmoja tu, mtu mzima, macho yameanza kumpungukia, asihesabiwe yeye kuwa ni sisi sote. Nililiona neno lile linakuja. Alikuwa anataka kumtupa mzee ili jahazi letu lielee.

Nilisimama. Sikuwa nimekata shauri, miguu ilikata yenyewe.

"Muongo huyu," nilisema.

Karani aliacha kufasiri. Mzee fundi akanigeukia, "Shemegi, kaa chini."

"Sikai. Nshakaa vya kutosha. Mheshimiwa, andika. Chokaa ilikuwa yangu. Ililala wiki tatu, na ilitakiwa ilale miezi minne. Mimi nilijua. Huyu hakujua. Mwenye nyumba ni mwalimu wangu, aliniuliza kama ipo, nikaona haya kusema haipo. Mvua ilipokuja nilitakiwa nende kukaa mvua, sikwenda, nilisema nna homa. Sikuwa na homa. Mwandikie na huyo Mzungu hivyo hivyo: hakuwa na homa."

Mzungu aliuliza kitu, karani akamfasiria, kalamu ikaenda. Nilisikia mwenyekiti anavuta pumzi kama mtu aliyepigwa.

Mjumbe wa mazulia aliegemea kiti. Alikuwa amefurahi, hata hakuficha. "Bibi amesema kweli," alisema, "na kweli yake imemaliza maneno. Sheria ni ya watu kama yeye."

"Si ya watu kama mimi!" Nilipaza sauti, sina haja ya kusema uongo kwamba nilizungumza kwa upole. "Sheria yako inamkamata huyu mzee. Inamkamata aliyeuza boriti, na boriti ni nzima, nenda kazigonge. Inamkamata aliyechimba mawe. Watu wanne kwa kosa la mtu mmoja, ilhali mtu mwenyewe huyu hapa amesimama, anasema nikamate! Andikeni kila mtu mkono wake. Aliyeuza chokaa mbichi, chokaa. Aliyejenga vibaya, ujenzi. Na mwenye nyumba aliyepandisha tangi, au aliyeotesha mti mchirizini, naye mumwandike jina lake, hapo hapo, mstari mmoja na mimi. Mkiandika hivyo, mimi wa mwanzo kutia saini. Mkiandika hii ya kwenu, nifungieni tanuri leo, lakini karatasi hiyo mimi siitambui. Mtu gani anatunga sheria ya nyumba akajisahau mwenyewe, na nyumba ni zake?"

Pangaboi lilizunguka. Mjumbe mmoja, mzee aliyekuwa hajasema kitu tangu asubuhi, aliuliza polepole, "Huko kukaa mvua ulikokutaja, Bibi, ndiyo nini?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema baba yake alikuwa akiwakaribisha mafundi hivyo, akaikumbuka kahawa. Kisha wakatutoa nje.

Barazani huko sheria haikufika mwaka ule. Tuliambiwa imerudishwa ikaandikwe upya, mwenye nyumba atajwe, na kila mtu aulizwe la mkono wake. Baadaye tuliambiwa wenye majumba nao wameanza kupeleka maombi yao. Hayo yalinifurahisha kuliko yote. Ikawa inakwenda na kurudi, na mimi sikuiona tena.

Lakini nilikuwa nimevunja neno la chama, na chama kilinilipa. Mwenyekiti alikuja tanurini mwenyewe, hakutuma mtu, hilo namsifu kwalo. Shimo langu kubwa lilikuwa limejaa chokaa iliyolala zaidi ya miezi minne, yote aliiagiza yeye kwa ajili ya ghorofa moja mjini. Alisimama pembeni ya shimo, viatu vyake vyeusi vikiwa vyeupe kwa vumbi.

"Bibi, sitaichukua," alisema. "Sasa nnajengea saruji."

"Kwa sababu chokaa yangu mbovu, au kwa sababu mdomo wangu mbovu?"

Alifikiri. "Mdomo," alisema.

"Basi chokaa nzuri hiyo. Nenda salama."

Wanawake wangu wanne walikuwa wamesikia. Mmoja alianza kulia, akaniuliza tutakula nini. Nikamwambia sijui, na kweli nilikuwa sijui, na nilikuwa naogopa. Nililala na khofu hiyo siku nyingi. Lakini nilikuwa na shimo zima la chokaa bora kuliko yoyote niliyowahi kuchoma, haina mwenyewe, na nilijua inakwenda wapi.

Nilikwenda Malindi. Mwalimu alikuwa katika kibaraza cha ndani ya ukumbi, msahafu juu ya marufaa, kile kibao cha kuuwekea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Homa imepoa?"

Alijua. Siku zote alijua. Nilipiga magoti, nikamshika mkono, nikamwambia yote, na nililia mpaka buibui likarowa. Alinisubiri nimalize.

"Mimi nami nina langu," alisema. "Dari ilipoanza kuvuja ningekuita. Nikaona haya. Kama ningekuita, kile kipande kisingeanguka juu ya mkeka wa watoto. Alhamdulillahi walikuwa wametoka kwenda kuswali adhuhuri."

Tuliibomoa ile dari. Mzee fundi alikuja na kijiwe chake, akaipaka chokaa yangu juu, akaiweka kivulini, akaniambia mbele ya watu, "Shemegi, nitaitazama siku tatu." Nikamwambia itazame nne. Hayo ndiyo maneno mazuri kabisa aliyowahi kuniambia, na nadhani naye alijua. Siku ya nne jiwe lilikuwa laini halina kipele. Wanawake wakaja na vibao, wakapiga, wakaimba. Safari hii mimi niliimba kwa sauti ya wastani.

Vuli ilichelewa. Nilikuwa nikiamka kila siku nikitazama mawingu. Mvua ilikuja siku moja saa nne ya asubuhi, nikiwa tanurini, na nilipanda gari la ng'ombe la mtu nisiyemjua, nikafika Malindi nimerowa mpaka mifupani. Mzee fundi alikuwa ameshafika. Mkeka ulikuwa umetandikwa chini ya dari. Katikati ya chumba Mwalimu alikuwa ameweka beseni tupu.

"Usiudhike," aliniambia. "Sasa tumeacha kuoneana haya."

"Liache, Mwalimu."

Tulikaa. Mvua ilipiga mpaka tukawa hatusikilizani. Watoto walijazana mlangoni wakitazama juu kama sisi, wala hawakujua wanatazama nini. Mzee alikuwa na kipande chake cha makaa mkononi, anakizungusha kwa vidole. Niliangalia beseni, nikaangalia dari, nikaangalia beseni. Mvua ilipokatika, Mwalimu aliinuka, akatia mkono ndani ya beseni, akaupitisha chini kote, akautoa, akatuonesha kiganja. Kilikuwa kikavu. Mzee fundi akakirusha kile kipande cha makaa nje, uani.

"Utakuja tena lini?" Mwalimu aliniuliza wakati ananimiminia kahawa.

"Mvua ya kwanza ya masika."

"Na baada ya hapo?"

"Masika mengine."

Alicheka. "Mpaka lini, mwanangu?"

Tanuri lilipata wateja wengine, watu wadogo wadogo wa Bububu na mashamba, wasiotaka saruji au wasioipata. Halikunitajirisha, lakini halikufungwa, na wale wanawake wanne hawakurudi kukaa chini ya mtu. Mzee fundi alikufa, tukawa tunakaa mimi na Mwalimu. Mwalimu naye akafa, nikawa nakaa na binti wa dada yake, ambaye hakuelewa nnatafuta nini lakini alinitandikia mkeka. Mengi yalikuja yakapita juu ya kisiwa hiki, na wale waliokaa kwenye ile meza ndefu hawako tena mahala walipokuwa.

Walitaka kunifunga kwa ile dari miaka kumi, kwa karatasi. Mimi nimeikalia mvua miaka thelathini, na hakuna aliyenilazimisha.